Namna ya Kubuni Molekuli Inayoshika Ioni Chanya na Ioni Hasi kwa Pamoja, kwa Mfano wa Maji ya Chumvi ya Gongoni

Kaskazini mwa Malindi, kuanzia Ngomeni kupitia Gongoni hadi Marereni, maji ya bahari huingizwa katika majaruba mapana ya chumvi, kisha huachiwa jua na upepo. Kinachoganda mwanzo ni kaboneti ya kalsiamu, halafu jasi, halafu chumvi ya kula yenyewe. Na baada ya chumvi hiyo kukusanywa hubaki maji mazito, machungu, yenye magnesiamu, potasiamu na bromidi nyingi kuliko yalivyokuwa yalipotoka baharini. Mwongozo huu unayatumia maji hayo machungu kama mfano wa kufanyia kazi. Lengo ni kubuni molekuli ya kutengenezwa maabarani ambayo itaishika ioni ya potasiamu na ioni ya kloridi kwa wakati mmoja, na kuzitoa majini zikiwa pamoja. Nimechagua mfano huu kwa sababu mwanafunzi au mwalimu wa kemia wa Malindi anaweza kupata sampuli yake bila kuagiza chochote ng'ambo, na kwa sababu maji hayo hayamstahi mbuni: kila udhaifu wa molekuli utaonekana ndani yake. Msomaji anatarajiwa awe anafahamu kifungo cha haidrojeni na maana ya kizio cha msawazo katika kemia, yaani namba inayoonyesha ioni imeshikwa kwa nguvu kiasi gani.

Molekuli ya aina hii tutaiita kipokezi cha jozi. Ina sehemu mbili za kushikia. Moja ina atomu zenye elektroni za kutoa, kwa mfano oksijeni, nayo huivuta ioni chanya. Nyingine ina haidrojeni zilizopungukiwa elektroni, kama zile za kundi la NH (naitrojeni iliyobeba haidrojeni), nayo huivuta ioni hasi. Sehemu hizo mbili zilianza kuchunguzwa kila moja kivyake. Mwaka 1967 Charles Pedersen, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alitangaza etha za krauni, yaani pete za kaboni na oksijeni ambazo huizingira ioni ya metali katikati yake, na kwa kazi hiyo alishirikiana na Donald Cram na Jean-Marie Lehn kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1987. Mwaka 1968 Park na Simmons, wa kampuni hiyohiyo, walieleza molekuli zenye uvungu unaoweza kuifungia ioni hasi ya halidi, kama kloridi au bromidi. Urithi huo wa njia mbili ndio unaowapotosha wengi wanaoanza leo, kwa kuwa huchukua kipokezi cha ioni chanya, huchukua na kipokezi cha ioni hasi, kisha huviunganisha kwa mnyororo wowote wa kaboni uliopo kabatini na kudhani kazi imekwisha. Mimi nashauri kinyume chake: anza na jozi yenyewe, ujue inakugharimu nini kuiondoa majini na ioni zake mbili zinapenda kukaa umbali gani, ndipo uichore molekuli kuizunguka.

Kabla ya kuchora chochote, basi, andika orodha ya vilivyomo majini. Kilo moja ya maji ya bahari ya kawaida ina takriban gramu 19.4 za kloridi, 10.8 za sodiamu, 2.7 za salfeti, 1.3 za magnesiamu, 0.4 za kalsiamu, 0.4 za potasiamu na 0.067 za bromidi. Ukizigeuza gramu hizo ziwe moli, utaona kwamba kwa kila ioni moja ya potasiamu zipo ioni 46 hivi za sodiamu. Kwa hiyo kipokezi kinachoipendelea potasiamu mara 46 kuliko sodiamu, kikikutana na maji hayo, kitabeba nusu potasiamu na nusu sodiamu, jambo ambalo si la kujivunia. Etha iitwayo 18-krauni-6 (pete ya atomu 18, sita kati yake zikiwa oksijeni), ambayo vitabu huisifu kwa kuichagua potasiamu, huipendelea mara 17 tu au karibu na hapo ndani ya maji. Hii ndiyo sababu ya kufaa zaidi maji machungu kuliko maji yaliyoingia kwa bamvua la juzi, kwa kuwa sodiamu nyingi imekwisha kuganda na kuondolewa, na uwiano umekuwa wa kuvumilika. Hata hivyo uwiano wa jaruba moja haufanani na wa jingine, na maji ya mwisho wa kaskazi hayafanani na yale yaliyonyeshewa na masika. Upimwe kila mara, usikisiwe.

Hesabu ya pili ndiyo iliyo muhimu kuliko zote katika mwongozo huu. Ioni iliyo majini imezungukwa na molekuli za maji zilizoikamata kwa nguvu, na kipokezi hakiwezi kuishika barabara mpaka sehemu kubwa ya maji hayo iondolewe. Nishati ya kuyaondoa yote, kwa kila moli, ni takriban kilojuli 295 kwa potasiamu, 365 kwa sodiamu, 1,830 kwa magnesiamu, 340 kwa kloridi, 315 kwa bromidi na 1,080 kwa salfeti. Yasome matarakimu hayo taratibu. Magnesiamu, iliyojaa tele katika maji machungu, haitakusumbua sana, kwa sababu ni vigumu mno kuinyang'anya maji yake. Vivyo hivyo salfeti. Potasiamu ni nafuu kuliko sodiamu kwa kilojuli 70, kwa hiyo maumbile yenyewe yako upande wako. Bromidi, kwa upande mwingine, ni nafuu kuliko kloridi, na kipokezi kitakuwa na mwelekeo wa kuibeba. Baharini kloridi ni nyingi kuliko bromidi mara 650 hivi kwa moli, lakini katika maji machungu pengo hilo hupungua, na mbuni asiyelifikiria atashangaa atakapopima alichokitoa.

Jumla ya potasiamu na kloridi ni kilojuli 635. Deni hilo lote linapaswa kulipwa na vitu vitatu: mshiko wa oksijeni juu ya potasiamu, mshiko wa NH juu ya kloridi, na mvuto wa ioni hizo mbili zenyewe kwa zenyewe. Hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa, ilhali hakihitaji kutengenezwa. Kinahitaji tu kutopotezwa. Mvuto wa chaji mbili hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, na hugawanywa pia na uwezo wa kiyeyushi wa kuufifisha, ambao ni karibu 80 kwa maji, karibu 37 kwa asetonitrili na karibu 4.8 kwa klorofomu. Katika fuwele ya kloridi ya potasiamu vitovu vya ioni hizo viko umbali wa pikomita 315. Kwa hesabu ya karatasi, jozi iliyogusana kwa umbali huo ndani ya klorofomu huvutana kwa kilojuli 92 hivi kwa moli. Ukizitenganisha hadi pikomita 700 hubaki 41. Na ndani ya maji, hata zikiwa zimegusana, hupata kama 6 tu. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa kiyeyushi hakifanyi kazi yake kikamilifu katika nafasi ndogo kiasi hicho, lakini inatosha kuonyesha mambo mawili: kwamba kazi ya kushika ifanyike katika tabaka la kiyeyushi kisichochanganyika na maji, kama klorofomu, na si ndani ya maji, na kwamba kila pikomita kati ya ioni hizo mbili ina bei.

Wataalamu hugawa vipokezi vya jozi katika namna tatu kwa kufuata umbali huo: ambamo ioni zimegusana, ambamo molekuli ya kiyeyushi imeingia kati yake, na ambamo mwili wa kipokezi chenyewe umezitenganisha. Kwa kazi yetu nachagua namna ya kwanza bila kusita. Namna ya tatu ni rahisi kutengeneza na kwa hiyo imejaa katika maandishi ya fani hii, lakini mara nyingi ushirikiano kati ya ioni mbili ndani yake ni mdogo mno kulipa deni tulilolihesabu.

Sasa tuje kwenye sehemu ya ioni chanya. Kipenyo cha potasiamu ni pikomita 276 na cha sodiamu ni 204. Uvungu wa 18-krauni-6 una pikomita 260 hadi 320, na wa 15-krauni-5 una 170 hadi 220. Jibu linaonekana wazi, lakini kuna sababu ya pili ya kuchagua pete kubwa ambayo haionekani kwa kulinganisha vipenyo peke yake. Potasiamu ikikaa ndani ya 18-krauni-6 hulala karibu katika bapa la oksijeni sita, na uso wake wa juu na wa chini hubaki wazi; kloridi inaweza kuja kutoka juu na kuigusa. Katika 15-krauni-5 potasiamu haitoshei, hivyo huinuka juu ya pete, na aghalabu huita pete ya pili ije kuifunika upande wa pili, ikazifunga molekuli zako mbili pamoja kabla kloridi haijapata nafasi. Wapo wabuni wanaoutumia mtego huo kwa makusudi, ila si mahali pa mtu kuanzia.

Kwa upande wa ioni hasi chaguo ni pana zaidi, na hapa ladha ya mbuni huingia. Urea ina NH mbili zinazoelekea upande mmoja, nayo hupatana hasa na ioni zenye oksijeni, kama kaboksileti, ingawa kloridi pia huipokea. Pete ya piroli nne iitwayo kaliksi-piroli ilitengenezwa na Adolf von Baeyer tangu mwaka 1886 kwa piroli na asetoni, lakini ilikaa miaka 110 kabla Jonathan Sessler na wenzake hawajaonyesha mwaka 1996 kwamba huzishika ioni hasi kwa NH zake nne. Na inapoishika kloridi hujikunja kama bakuli, ambalo upande wake wa nje huweza kuipokea ioni kubwa kama seziamu. Ni molekuli nzuri mno, lakini bakuli hilo huitaka seziamu zaidi kuliko potasiamu. Kwa kloridi ya potasiamu nachagua amaidi mbili zilizopachikwa kwenye pete ya benzini katika nafasi ya kwanza na ya tatu. Kloridi, yenye kipenyo cha pikomita 362, hukaa vyema kati ya NH zake mbili, huku umbali kutoka naitrojeni hadi kloridi ukiwa pikomita 320 hadi 340. Ukibadilisha benzini kwa piridini, naitrojeni ya piridini itazivuta NH zote mbili ndani na kuzituliza katika mkao unaofaa, jambo zuri. Lakini elektroni za naitrojeni hiyohiyo huisukuma kloridi kidogo. Jaribu zote mbili kwenye kompyuta kabla ya kuamua.

Kinachobaki ni daraja la kuunganisha sehemu hizo, na hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Msomaji wa pwani afikirie ngalawa: mirengu yake hufungwa kwa miti ya urefu maalumu, kwa kuwa ikiwa mifupi mno hugonga chombo, na ikiwa mirefu mno huvunjika au haisaidii kitu. Daraja la kipokezi chetu linapaswa kuziweka NH juu ya uso wa krauni kwa namna ambayo kloridi iliyoshikwa nazo itakuwa pikomita 315 hivi kutoka potasiamu, si chini sana wala juu sana. Lisiwe legevu. Cram alionyesha kwamba pete zilizokazwa mapema katika umbo la kupokea hushika ioni zaidi ya mara bilioni kuliko minyororo iliyo wazi yenye atomu zilezile, kwa sababu mnyororo legevu hulazimika kulipa gharama ya kujipanga kila unaposhika. Hatari nyingine ya daraja legevu ni kwamba NH zitajikunja na kufunga vifungo vya haidrojeni na oksijeni za krauni, hata kipokezi kikawa kimejishika chenyewe. Mfano wa kuigwa ni wa kundi la Bradley Smith wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambalo mwaka 2001 lilieleza kipokezi chenye pete mbili: krauni yenye naitrojeni mbili zinazotazamana, na juu yake tao lenye amaidi mbili lililofungwa kwenye naitrojeni hizo. Kilizishika chumvi za alkali na halidi zikiwa zimegusana.

Kompyuta ya kawaida ya mkononi inatosha kwa hatua inayofuata. Programu ya Avogadro huchora, na programu ya xtb iliyotoka katika kundi la Stefan Grimme wa Bonn hukokotoa nishati kwa dakika chache. Zote mbili ni za bure. Kokotoa kipokezi kitupu, chenye potasiamu peke yake, chenye kloridi peke yake, chenye kloridi ya potasiamu, chenye kloridi ya sodiamu na chenye bromidi ya potasiamu. Usiichukulie namba yoyote kati ya hizo kuwa ya kweli ikiwa peke yake. Linganisha tofauti: ni nishati kiasi gani hupotea au hupatikana potasiamu inapoipisha sodiamu ndani ya kipokezi kilekile, kisha ongeza zile kilojuli 70 za maji. Makosa mengi ya ukokotozi hujifuta yenyewe kwa njia hiyo. Weka pia molekuli moja ya maji kati ya ioni mbili kwa mkono na ukokotoe tena. Ikiwa maji hayo yanakaa kwa raha, daraja lako ni refu mno.

Kuhusu kutengeneza nitasema machache, kwa kuwa kila maabara ina uwezo wake na mwongozo wa maandishi hauwezi kuchukua nafasi ya msimamizi. Anza na molekuli rahisi ya kulinganishia: benzo-18-krauni-6 yenye kundi la amino huuzwa ikiwa tayari, na ikiunganishwa na isosianeti hutoa urea kwa hatua moja. Ndani yake ioni zitakuwa mbali, pikomita 700 au zaidi, na hiyo ndiyo faida yake, maana utaona kwa macho yako tofauti ya umbali. Kwa kipokezi chenye tao, hatua ya kufunga pete ya pili ifanyike katika myeyusho mwembamba sana, viambato vikitiwa taratibu kwa saa nyingi, la sivyo utapata minyororo mirefu badala ya pete. Tengeneza pia molekuli moja isiyo na NH na nyingine isiyo na krauni. Asiye na hizo hana cha kulinganisha, na madai yake ya ushirikiano hayana mguu wa kusimamia.

Upimaji unastahili subira zaidi. Desturi ni kutia ioni kidogo kidogo katika myeyusho wa kipokezi na kufuatilia mabadiliko kwa mashine ya NMR au kwa kipimo cha mwanga wa urujuanimno. Kwanza pima kloridi peke yake kwa kutumia chumvi ya tetrabutilamoniamu, ambayo ioni yake chanya ni kubwa mno kuingia katika krauni. Kisha kijaze kipokezi kwa potasiamu kutoka chumvi yenye ioni hasi isiyo na hamu ya NH, kama heksafluorofosfeti, na upime kloridi upya. Kizio cha pili ukikigawa kwa cha kwanza hupata kigezo cha ushirikiano: kikizidi 1 kwa kiasi kikubwa, ioni zinasaidiana, kikiwa karibu na 1, una vipokezi viwili tu vinavyoishi katika molekuli moja. Kuna mtego hapa. Kloridi ya potasiamu haiyeyuki katika asetonitrili, na kipokezi dhaifu kitanyang'anywa potasiamu yake na kloridi unayotia, chumvi ikaganda chini ya chupa. Dalili yake ni kwamba ishara za NMR, badala ya kuendelea mbele, zinarudi kuelekea zile za kipokezi kitupu. Ukiona hivyo usiendelee kukokotoa kizio chochote. Mchoro wa Job, ambao bado hufundishwa kama njia ya kujua uwiano wa mgeni na mwenyeji, yaani ioni na kipokezi, nisingeutegemea kwa mifumo ya ioni tatu au nne. Ni bora kulinganisha mifano mbalimbali ya ukokotozi na data yote. Kiyeyushi nacho kitajwe daima pamoja na kizio. 18-krauni-6 huishika potasiamu kwa kizio cha kama 100 katika maji, na zaidi ya milioni 1 katika methanoli, na tone la maji lililosahauliwa katika asetonitrili linaweza kukubadilishia matokeo.

Jaribio la mwisho linarudi Gongoni. Yeyusha kipokezi katika klorofomu, chini ya kabati la kuvuta hewa, weka juu yake kiasi sawa cha maji machungu yaliyochujwa, utikise, uache matabaka yatengane. Chukua tabaka la klorofomu, ulitikise na maji safi, kisha uyapime maji hayo. Kwa potasiamu na sodiamu kipima mwali kinatosha, na ni chombo ambacho maabara nyingi za udongo na za hospitali hukifahamu. Kwa kloridi na bromidi tumia nitrati ya fedha au, ikipatikana, kromatografia ya ioni. Hatua ya maji safi ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kipokezi kinachoshika mno hakiachii, na kisichoachia hutumika mara moja tu. Chukulia kipokezi chenye uzito wa gramu 600 kwa moli: hata kikijaa chote, gramu 600 hizo hubeba gramu 75 za kloridi ya potasiamu kwa kila mzunguko, hivyo thamani yake yote iko katika idadi ya mizunguko. Kwa bei ya leo ya molekuli za namna hii sioni zikishindana na jua la Magarini, eneo lenye majaruba haya, katika kutoa mbolea ya potasiamu. Zaeleweka zaidi kama vyombo vya kupimia, au vya kuchukua chumvi adimu.

Rudia mzunguko huo kwa sampuli ileile ya klorofomu, na kila mara pima pia kiasi cha kipokezi kilichotorokea majini. Kikionekana kupungua, ongeza minyororo ya kaboni, yenye urefu wa kaboni nane au zaidi, upande wa nje wa tao, mbali na NH na mbali na krauni, kisha anza upya upimaji wa kigezo cha ushirikiano, kwa kuwa hata mkia uliowekwa mbali huweza kubadilisha mkao wa daraja. Klorofomu iliyotumika ihifadhiwe katika chupa ya taka yenye lebo na irudishwe kwa maabara iliyoitoa. Isimwagwe jarubani wala ufuoni.